Umeuliza Kama Unguja Kunakalika

Wifi yangu mpenzi,

Kila barua niliyokuandikia tangu uondoke ilianza kwa kukwambia kuwa sisi hatujambo na tunaishi kwa raha. Hii naianzia pengine. Naianzia kwenye mkate wa kumimina alioula jamaa yako Bi Zaliha hapa nyumbani wiki hii, kwa sababu najua akifika huko kisiwani Ngazija jambo la kwanza atakalokuhadithia ni mkate ule, na nataka maneno yangu yafike pamoja na ya kwake.

Mkate ule haukuwa wetu, wifi. Mchele wake ulitoka kwa Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa ameuweka kwa ajili ya hitima ya mamake. Sukari ilitoka nyumba ya mbele, hiliki nyumba ya nyuma, na vikombe vilitoka kwa mtu ambaye mimi na yeye hatusemezani. Nazi tu ndiyo ilikuwa yetu. Hata kawa lililofunika sinia lilikuwa la watu. Bi Zaliha kaukaribisha mdomoni mtaa mzima wa Mkunazini, na hajui.

Barua hii sikuitia gundi. Nampa mtu anayevuka kwenda Dar es Salaam, ambako Bi Zaliha anangojea meli, amkabidhi mkononi, na Bi Zaliha ana ruhusa yangu ya kuisoma kabla yako, ajue alikula nini. Na kama kuna bwana mwengine ambaye kazi yake ni kusoma barua za watu hazijafika, naye namwambia asalaam alaykum, asome kwa kituo. Humu hamna siri ya serikali, mna siri ya jikoni tu. Ingawa siku hizi mpaka wa siri hizo mbili sijui umepita wapi.

Mwandiko utaustahamilia. Unakumbuka ulivyotaka kunisomesha, wewe mwalimu wa skuli, mara tu nilipoletwa humu kuwa mke wa kakako, nami nikakataa? Ningesomeshwaje na wifi? Nikajifundisha mwenyewe kwa siri, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa njugu. Ndiyo maana habari zangu zote za dunia zilikuwa nusu nusu. Nilijua kuwa mfalme wa mahali fulani kaanguka, sikujua kama alipanda ngazi au alipinduliwa. Siku uliponikuta nasoma uani hukunicheka. Ulisema tu, "Kipande cha pili ninacho mie, ukitaka." Nikasema sitaki. Nilikitaka, wifi.

Pale pale uani ndipo tulipokuwa na mchezo wetu. Wewe kwenye mbuzi unakuna nazi, mie napepeta mchele (tazama, nilikuwa na mchele wa kupepeta), na visiwa viwili kati yetu kama vitu vya mnada. Babako katoka Ngazija akiwa mtoto wa kubebwa, wewe mwenyewe hujaiona hata kwa mbali, na kwa hiyo ulikuwa ukiijua vizuri kabisa.

"Ndizi za Ngazija," ulikuwa ukisema, "moja inamshibisha mtu na mgeni wake."

"Mbona babako hakubaki akazila?"

"Alikuja kukufundisheni kuvaa viatu."

"Basi mwambie vinatubana."

Mamako, mwenye nyumba, mtu wa Unguja baba na mama, alikuwa akitusikiliza kutoka ukumbini huku akivuta uradi. Siku moja akasema, "Nchi zenyewe zote mbili mtu akipiga chafya huku, kule wanasema yarhamukallah. Kuneni nazi." Tukainamia kazi zetu kama watoto. Halafu ukaninong'oneza, "Lakini za Ngazija kubwa."

Mara moja tu uliniachia ushindi. Ni ile siku uliyowapeleka wasichana wako wa skuli Mangapwani, nami nikafuatana nanyi kuwabebea vikapu. Tuliteremka kwenye lile pango la matumbawe mpaka chini kwenye maji, ukayateka kwa viganja, ukayanywa, ukashangaa namna yalivyokuwa matamu, na bahari iko karibu kiasi cha kusikika. "Haya," ulisema. "Hapa mmetushinda." Nilijigamba nalo jambo lile mwezi mzima, kama kwamba maji yale niliyatia mie.

Nataka nikukumbushe asubuhi ya risasi za mapinduzi, ingawa hatukuizungumza tena baada yake. Tulikuwa chini ya ngazi, wewe, mie na mamako, kakako amekwama kazini mtaa wa Malindi. Mlango ulipogongwa mlinitazama mimi nyote wawili. Hakuna aliyesema kwa nini. Babu yangu alikuja kisiwani hapa na mizigo ya watu kichwani kutoka bara, na uso wake ndio huu nilio nao. Nilikwenda nikafungua. Nikawaambia wale vijana humu hamna mtu ila mimi, mama mkwe na wifi yangu, na wifi yangu ana homa. Wakanisalimu kwa adabu, "Shikamoo mama," na mie sikuwa nimefika umri wa shikamoo, wakaenda zao. Niliporudi chini ya ngazi ulinishika mkono ukasema, "Leo una uso mzuri, wifi." Tukacheka mpaka mamako akatuziba midomo.

Sitaki kusema uongo mbele ya bwana anayesoma katikati: mapinduzi yalinipa kitu. Yalinipa kusalimiwa. Muuza duka aliyekuwa akiniita "wee," akanijua jina. Spitali naingia nikatibiwa bila ya kuulizwa nimekuja na nini. Watoto wa mwanamke afuaye nguo za watu wamekaa dawati moja na watoto wa wenye nguo. Hayo nayaona kila siku na macho yangu mwenyewe, na nayapenda. Lakini niliona vile vile kuwa salamu hazikuongezeka. Zile zile zilizokuwa zenu ndizo zilizohamia kwetu. Yule muuza duka aliyejifunza jina langu, alilisahau lako.

Kisha likatoka lile tangazo, kuwa watu wenye asili ya Ngazija si wenyeji mpaka waombe. Kakako akapiga foleni. Akasimama mbele ya meza, akakana upande wa babake kwa sauti ya kusikika, kwa sababu aliyekana kwa sauti ndogo alirudishwa mwisho wa foleni. Aliporudi alikula chakula chake chote, akalala mchana, kitu ambacho hafanyi. Tangu siku hiyo wazee wenzake wa msikitini wakimwamkia kwa Kingazija, yeye huitikia kwa Kiswahili, na anatazama viatu.

Wewe ukasema huendi. "Nimezaliwa chumba kile pale," ukakionesha kwa kidole. "Nimwombe nani ruhusa ya kuzaliwa, na nshazaliwa?"

Nikakwambia, "Nenda ukaseme wanachotaka, urudi tule."

"Nikishasema hicho, chakula chako sitakitamani."

Ukatolewa skuli, maana asiye mwenyeji hasomeshi watoto wa wenyeji. Mamako akafariki, na arubaini yake ilipopita ukafunga sanduku. Wewe uliyeihadithia Ngazija miaka yote ile hujaiona, ukaenda kuiona kwa sababu hukuwa na pengine pa kwenda. Sijapata kuona mtu aliyeshinda mabishano kwa namna mbaya kama ile.

Ndipo zikaanza barua. Wifi, hebu tukiri: mchezo wa uani tuliuendeleza kwa stampu. Uliniandikia kuwa wali huko mnaukataa, kuwa harusi moja inachinjiwa ng'ombe zizi zima, kuwa watu wanakwita mwalimu hata wasiosoma kwako. Nami nikakujibu kuwa huku mtaa wa Ng'ambo yanajengwa majumba ya ghorofa, taa za umeme mpaka uchochoroni, dawa bure, skuli bure, na kwamba siku ya sikukuu tumekula biriani. Majumba ni kweli, nshakwenda kubeba mawe yake kwa kujitolea, na niliyejitolea si mimi, nilijitolewa. Taa ni kweli. Biriani ilikuwa shelisheli. Tulikula shelisheli la nazi siku ile, na la kuchoma siku ya pili yake, na mpaka leo nikipita chini ya mti wake huwa nainamisha kichwa kama mtu anayedaiwa.

Ndipo akaja Bi Zaliha. Uliandika kuwa ni jamaa yako wa upande wa baba, anakuja kuzuru kaburi la dadake, na atapita kutuona. Basi! Ungeniona. Mgeni anayetoka kwenye kisiwa cha kuukataa wali, anakuja kwenye kisiwa cha kuupigia foleni, na macho yake ndiyo yatakayokuwa macho yako. Nilimwendea Bi Mize usiku haujaingia vizuri, nikamwambia, "Wifi yangu anatuletea mtazamaji."

Bi Mize akakuna kichwa. "Wa kutazama nini?"

"Sisi."

"Loh! Basi tuoge," akasema, akaingia ndani kutoa mchele wa mamake.

Hakuna aliyelazimishwa, jua hilo. Waliufanya wa kwao. Kilichokuwa kinatazamwa si mimi, ni Unguja, na hakuna hata mmoja aliyetaka Unguja ishindwe kwa sukari. Aliyeleta sukari kaificha ndani ya buibui kama mtoto mchanga, na njiani alikuwa akimwimbia.

Bi Zaliha alikuja baada ya alasiri. Mwanamke mkubwa, mpole, ana macho ya kutulia kila anapoyaweka. Nikamkalisha ukumbini pale alipokuwa akikaa mamako, nikafunua kawa. Bi Mize alikuwa nyuma ya mlango wa uani, anasema kaja kuangalia mkaa.

"Mashaallah," akasema Bi Zaliha. "Mkate wa kumimina, na sukari ya kutosha! Kule tunasikia nyinyi huku mna dhiki."

"Dhiki? Maneno ya redio hayo, bibi."

"Na mchele mnaupata?"

Nami nikasema, Mungu anisamehe, "Mchele? Sisi siku hizi tunachagua. Mwengine hatuutaki."

Nyuma ya mlango mkaa ulikohoa.

Bi Zaliha alikula kipande, akala cha pili kwa heshima yangu, akafuta vidole kimoja kimoja. Akasema, "Basi nshapata jibu lake."

"Jibu la nani, bibi?"

"La wifi yako. Alinituma jambo moja. Kanambia nisikuulize kwa mdomo, maana utanijibu. Nitazame tu kwa macho kama Unguja kunakalika. Alikuwa anataka kurudi."

Moyo ukanipaa kwa furaha, wifi, wallahi. Nikasema arudi hata kesho. Lakini yeye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na anautazama mkate.

"Atarudije? Yule hana kitu. Ana kanga zake mbili na sanduku. Aje hivyo hivyo kwa watu wanaochagua mchele, uso wake atauweka wapi? Namjua. Bora nimwambie astahamili pale pale alipo."

"Pale pale ndipo kwao," nikasema. "Si yuko nyumbani kwa watu wa babake?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mchana. "Nyumba ya watu wa baba ndiyo nini, mwanangu? Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Bibi humpa mama, mama humpa binti. Mwanamume huolewa, haoi. Analala kwa mkewe. Mtoto ni wa upande wa mamake. Sasa huyu, mamake nani? Mtu wa Unguja. Kwa hiyo kule hana bibi, hana mama, hana mlango. Anakaa kwa shangazi yake, na nyumba ya shangazi ni ya mabinti wa shangazi. Wanamwita mgeni. Kwa wema, lakini wanamwita mgeni. Na maji ya birika ya mvua yakipungua, anayenawa mwisho ni mgeni."

Hayo hukuyaandika. Uliandika ng'ombe wa harusi.

Sasa nakwambia kitu ambacho nakionea haya hata kukiandika hapa. Nilikuwa nina nafasi. Bi Zaliha yuko mbele yangu, mdomo wangu uko wazi, na maneno yenyewe mafupi: bibi, mkate huu ni wa kuazima, mwambie aje. Nilisikia Bi Mize kaacha hata kupumua kule nyuma. Nikatazama vikombe vya yule nisiyesemezana naye. Na nilichosema ni, "Ongeza mkate, bibi."

Akasema kashiba. Nikamfungia uliobaki aende nao, kama inavyopasa kumfanyia mgeni wa safari. Mtaa mzima ulikuwa unangojea kipande, na mtaa mzima ukauona unapita uchochoroni kwapani mwa Bi Zaliha.

Mlango ulipofungwa Bi Mize alitoka, anacheka mpaka ukaya umemdondoka kichwani.

"Ati mnachagua mchele! Nikuletee wa kuchagua, Bi Mkubwa?"

Wakaja na wengine. "Kala?" "Kala." "Kasemaje?" "Kasema mashaallah." "Alhamdulillahi, tumeponea!"

Nikawaambia alichokisema kuhusu wewe. Aliyekuwa amebeba sukari kama mtoto akakaa chini kwenye ngazi. Bi Mize ndiye aliyesema, pole pole, "Kwa hiyo tumempikia mkate wa kumfungia mlango Mwanaesha."

Wakachukua kila mtu chake, sinia lake, kawa lake, na walikuwa wakitoka kimya kama watu watokao msibani.

Kakako alipokuja nilimhadithia. Akasema, "Mwandikie. Mwandikie yote kama yalivyo. Lakini ile yangu ya foleni usiitie."

Nimeitia. Naye anajua nimeitia, kwa sababu niliisoma kwa sauti na hakutoka chumbani.

Basi na mimi nikae nikwambie kama yalivyo. Mchele huku ni siku ukija, na ukija watu wanapanga foleni alfajiri, na mara nyengine mwisho wa foleni hukuta mlango umefungwa. Sukari ni habari. Unga ukipatikana unaliwa asubuhi, mchana na jioni, na jioni tunauita jina jengine. Tunakula mihogo mingi, na samaki akipatikana tunamshukuru kwa jina. Nguo tunazigeuza ndani nje na kuzishona tena. Najua, mimi ndiye mshonaji. Watu wanazungumza kwa sauti ndogo kuliko zamani, na kuna mambo tunayoyazungumza kwa nyusi. Maji ya mfereji yapo. Taa zipo. Mtoto akiumwa anatibiwa. Usiku mlango tunaufunga mapema, na asubuhi tunaulizana, "Umeamkaje?" na tunangojea jibu kweli kweli.

Nimevipima visiwa hivi viwili, wifi, tangu Bi Zaliha aondoke sifanyi jengine. Kule mna wali na hamna maji. Huku tuna maji na hatuna wali. Kule mwanamke ana nyumba yake na hana daktari. Huku ana daktari, na nyumba anakaa kwa mumewe mpaka mume atakapochoka. Mtu akikaa akipiga hesabu hizi anaweza kuona vimelingana. Lakini hesabu yako haimo humo. Huku walikuuliza babako nani, wakasema wewe ni wa kule. Kule wanakuuliza mamako nani, wanasema wewe ni wa huku. Visiwa vyote viwili vimekuuliza swali ambalo jibu lake liko kisiwa cha pili. Na mie niliyekuwa nikibishana nawe uani juu ya ndizi, sikuwahi kuliona hilo, na nilikuwa najiona mtazamaji hodari.

Jana nilikaa ukumbini peke yangu na maneno ya Bi Zaliha, nikayageuza kama ninavyogeuza nguo. Bibi humpa mama, mama humpa binti. Nyumba hii mamako aliipata kwa mamake. Hayo nayajua, alikuwa akiyasema kila paa likivuja: "Mamangu angeliona hili!" Sasa lau tungeihukumu nyumba hii kwa desturi ya kisiwa cha babako, kile ambacho kakako kakikana na wewe ukaambiwa ndicho chako, ni ya nani? Si ya kakako. Yeye angekuwa mwanamume wa kulala kwa mkewe, na mkewe hana nyumba. Ni yako, Mwanaesha. Yote, na paa linalovuja. Sharia imegawa mafungu yake baina yako na ndugu yako, na mimi si mtu wa kuikosoa sharia. Nasema tu nilivyojisikia nilipotazama kuta.

Nikaenda chumbani kwako. Ulipoondoka nilikifunga. Baadaye nikaweka kasha moja. Halafu nikaingiza cherehani, kwa sababu dirisha lako lina mwanga mzuri, ndivyo nilivyomwambia kakako. Halafu kikaanza kuitwa chumba cha cherehani. Sikumbuki siku jina lilipobadilika. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyepiga foleni. Mie niliyekasirika walipokufanya mgeni wa kisiwa, nilikufanya mgeni wa chumba, kwa kasha moja moja, tena huku nakuandikia kuwa tunakukumbuka.

Cherehani nimelitoa. Liko ukumbini, linaziba njia, kila anayepita linamgonga goti. Nimefagia. Sikutia udi, tusianze tena mambo ya sinia.

Ukija, sitakudanganya, utatakiwa usimame mbele ya meza ile na uombe. Nitafuatana nawe. Nitasimama nyuma yako, na nikikusikia unataka kutukana nitakufinya, na nikiona machozi yanakuja nitatukana mimi. Wasipokubali, tutarudi tena siku ya pili yake. Bi Mize kasema na yeye atakuja. Anasema hajapata kukipigia foleni kitu kisicholiwa, anataka kujua kukoje. Njoo na kanga zako mbili. Mimi ninazo mbili pia. Utatukuta tumekonda, tumetishika kidogo, tunacheka kwa sauti ya chini, na hatuna cha kukufunulia kawa.

Umemtuma mtu anitazame kama Unguja kunakalika. Kunakalika kwa shida, wifi, na hilo nimekujibu. Lakini swali lenyewe limenikosesha usingizi, kwa kuwa aliyestahiki kuliuliza ni mimi, na wa kunijibu ni wewe. Miaka yote hii nalala, napika na kushona nyumbani kwa mamako, nafungua na kufunga mlango, halafu nakuandikia barua za kukukaribisha.

Sikukaribishi. Ukifika, usipige hodi.

Mimi wifi yako, ninayekaa kwako.